Waya Unaovuka Uwazi

Ukimwambia fundi muashi wa Iringa au Mbeya kwamba yako majengo ya ghorofa ambayo matofali yake ya kuchoma hayabebi paa wala sakafu, wala chochote ila uzito wake yenyewe, atakuuliza: basi hayo matofali yanashikwa na nani? Kwake tofali ndilo nyumba. Kuta zikisimama, paa linakaa juu yake, na kazi imekwisha. Lakini Marekani na Kanada, shule, hospitali na majengo ya ofisi yasiyohesabika yamejengwa kinyume. Kwanza husimamishwa fremu ya nguzo nyembamba za bati lililokunjwa, unene wake kama milimita 1.1, zikiachana kwa milimita 400 hivi. Juu yake hufungwa bodi za jasi, kisha utando wa kuzuia maji na hewa, kisha bodi za kuhami joto, kisha unaachwa uwazi mtupu wa hewa. Mwisho kabisa, upande wa barabarani, hujengwa ukuta wa tofali moja wenye unene wa milimita 90 hivi na uzito wa karibu kilo 190 kwa kila mita ya mraba. Ukuta huo umeketi juu ya msingi au juu ya chuma cha pembe, na kwa kushuka chini unajimudu. Kwa upepo haujimudu hata kidogo. Kinachouzuia usianguke barabarani ni waya mwembamba kuliko penseli, uliofungwa kwa skrubu kwenye nguzo, ukavuka uwazi, na ncha yake ikazikwa katika mota kati ya kozi mbili za matofali. Nitauita kishikizo. Kwa kawaida viko kama vinne katika kila mita ya mraba.

Kwa miongo mingi kishikizo hicho kimenunuliwa kama misumari inavyonunuliwa: kwa boksi, kwa bei, bila mtu kukaa chini na kalamu. Uwazi ulipokuwa mwembamba, uzembe huo ulisameheka. Sasa uwazi umepanuka, na dai langu ni kwamba upana ukishavuka kiasi fulani, kishikizo kinakuwa kiungo kamili cha jengo, sawa na nguzo au boriti. Kinapaswa kukokotolewa, kuchorwa na kukaguliwa kwa jina lake, kuanzia kwenye bati la nguzo hadi ndani ya mota. Wasioafiki wana hoja zao, na baadhi zina uzito. Lakini tuanze na sababu ya uwazi wenyewe kupanuka, maana haukupanuka kwa ubadhirifu.

Chuma hupitisha joto vizuri mno. Ukijaza sufi ya kuhami joto katikati ya nguzo za chuma, nguzo zenyewe zinakuwa milango ya joto kutoka ndani kwenda nje. Jedwali za Marekani zinazotumiwa katika kanuni za nishati zinaonyesha hasara hiyo bila kuficha: sufi iliyoandikwa R-13 dukani (R ni kipimo cha kuzuia joto), ikiwekwa kati ya nguzo za chuma zilizoachana kwa milimita 400, inafanya kazi kama R-6. Zaidi ya nusu imepotea. Ndiyo maana kanuni zimezidi kuwasukuma wajenzi waiweke bodi ya kuhami nje ya nguzo, ikifunika ukuta mzima bila kukatika, kama blanketi juu ya mtu badala ya vipande vilivyochomekwa kati ya mbavu zake. Mahali pa kuiweka ni ndani ya ule uwazi, na hewa nayo lazima ibaki, kwa sababu tofali hunyonya maji ya mvua na maji hayo yanahitaji njia ya kuteremka na kutoka. Ni rahisi kusoma historia hii katika namba za kanuni ya Marekani ya majengo ya matofali, TMS 402. Kwa muda mrefu kikomo cha umbali kati ya uso wa ndani wa matofali na nguzo kilikuwa inchi 4½, yaani milimita 114: inchi 2 za bodi, inchi 2 za hewa na nusu inchi ya bodi ya ukutani. Toleo la 2016 likaruhusu, kwa aina fulani za vishikizo, inchi 6⅝, yaani milimita 168. Jumlisha inchi 4 za bodi, inchi 2 za hewa na inchi 5/8 za jasi, utaipata namba hiyohiyo. Kikomo kilifuata unene wa blanketi. Jambo hilo si la kulaumu, lakini lina funzo kwa mchoraji: milimita 168 haimaanishi kwamba chuma kina amani hadi hapo na kwenye 169 kinavunjika. Chuma hakisomi jedwali. Kinafuata kanuni nyingine, ile ambayo Leonhard Euler aliionyesha katika karne ya 18.

Euler alionyesha kwamba kitu chembamba kikisukumwa kutoka ncha zote mbili hakivunjiki kwa kusagika. Hupinda upande na kukimbia mzigo. Nguvu kinayoweza kuhimili kabla ya kupinda hupungua kwa mraba wa urefu wake. Urefu ukizidi mara mbili, nguvu inabaki robo. Tazama kishikizo cha zamani cha bati la mikunjo, upana milimita 22 na unene milimita 0.76, ambacho kimeshika kuta za matofali za nyumba nyingi za mbao. Tukikichukulia kama kipande kilichonyooka, kikivuka milimita 25 kinaweza kuhimili msukumo wa nyutoni 2,500 hivi. Kikivuka milimita 100, kinabaki na nyutoni 160. Upepo wa kilopaskali 1 juu ya eneo la robo mita ya mraba ni nyutoni 250. Kwa hiyo kishikizo kile kile kilichokuwa na akiba ya mara 10 sasa hakitoshi, na kikiwa mkononi mwa fundi kinaonekana vilevile, kinang'aa vilevile. Ndiyo sababu kanuni inakiruhusu kwenye uwazi wa milimita 25 tu. Waya ni bora zaidi. Wenye kipenyo cha milimita 4.8 hupinda kwenye nyutoni 3,800 hivi ukivuka milimita 114, na kwenye 1,760 ukivuka milimita 168. Ule mwembamba wa milimita 3.8, kwa umbali huo wa 168, hufikia mwisho kwenye nyutoni 690.

Hapa ndipo mpinzani wa kwanza anaponikatiza, na ana haki. Anasema: hata huo waya mwembamba una 690 dhidi ya 250. Akiba ni karibu mara tatu. Kelele za nini? Jibu ni kwamba 250 ni wastani, na ukuta haugawi mzigo kwa wastani. Matofali ni makavu na magumu. Nguzo za bati nyuma yake ni laini na hujikunja. Upepo ukisukuma, nguzo ya urefu wa mita 3 iliyosanifiwa kwa kipimo cha L/360, yaani urefu wake ukigawanywa kwa 360, inaruhusiwa kuingia ndani milimita 8 katikati. Chama cha watengenezaji wa matofali cha Marekani kimependekeza kwa miaka mingi L/600, yaani milimita 5. Sasa ukuta wa tofali wa milimita 90, ukikokotolewa kwa nguvu za kawaida za mota, hupasuka ukijikunja milimita 1 hivi. Maana yake ni kwamba ukuta haufuati nguzo. Unabaki umenyooka huku nguzo zikikimbia nyuma yake, na vishikizo vilivyo karibu na juu, mahali nguzo hazisogei, ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa. Matofali yakipasuka katikati ya kimo, mzigo unahama ghafla na kukimbilia vishikizo vilivyo jirani na ufa. Kanada, ambako kuta za namna hii zilifanyiwa majaribio makubwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, inaliandika jambo hili waziwazi katika kanuni yake: ukuta ukiwa na mgongo laini, kila kishikizo kisanifiwe kwa asilimia 40 ya mzigo wote wa safu yake ya wima, na kisipungue mara mbili ya mgawo wake. Kwa ukuta wetu wa mita 3 hesabu hiyo inatoa nyutoni 480 hivi. Akiba ya mara tatu imeyeyuka, nasi bado tunazungumza juu ya waya ulionyooka kabisa, ambao hakuna aliyewahi kuuona kwenye eneo la ujenzi.

Tena vishikizo vingi vya siku hizi si waya mmoja. Ni vipande viwili: bamba lililofungwa ukutani lenye tundu kama jicho la sindano, na waya wenye miguu miwili inayoning'inia ndani ya jicho hilo. Vilibuniwa hivyo kwa sababu nzuri sana. Jicho hufungwa wiki kadhaa kabla muashi hajafika, na hakuna ajuaye kozi zake zitaangukia wapi. Miguu humwezesha muashi kuupandisha au kuushusha waya hadi uingie kwenye mota. Lakini mguu ulioning'inia ni mkono wa wenzo. Mota ikiwa juu ya jicho kwa milimita 32, ambazo ndizo kikomo cha kanuni, zile nyutoni 480 zinaipinda miguu miwili ya waya wa milimita 4.8 kwa mkazo wa zaidi ya megapaskali 700. Waya wa kawaida wa kazi hiyo huanza kujikunja bila kurudi kwenye megapaskali 480 hivi. Ukiishusha tofauti hiyo hadi milimita 20, hesabu inakubali. Sasa angalia upande wa muashi: kozi moja ya tofali la kawaida la Marekani pamoja na mota yake ni milimita 67 hivi. Jicho lililofungwa bila kupimwa kozi linaweza kuwa mbali na mota iliyo karibu kwa milimita 33. Kwa maneno mengine, kazi iliyofanywa kwa kubahatisha inafikia ukingo wa kanuni, na hata kuuvuka, wakati nguvu za waya zilikwisha zamani. Kinachohitajika ni kijiti cha kupimia kozi, kilichotiwa alama kila milimita 67, apewe yule anayefunga majicho. Gharama yake ni ubao mmoja na dakika chache.

Halafu kuna ulegevu. Kanuni ya Marekani inaruhusu nafasi ya milimita 1.6 kati ya vipande vinavyoungana. Ya Kanada inabana hadi 1.2. Zisikudanganye kwa udogo. Tumeona kwamba ukuta hupasuka kwa kujikunja milimita 1 hivi. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa umesogea hadi kupasuka kabla baadhi ya vishikizo havijagusa mzigo kabisa, huku jirani zake waliobana tangu mwanzo wakibeba peke yao. Nionavyo mimi, ulegevu na ukakamavu vina uzito zaidi kuliko nguvu ya kuvunjika ambayo watengenezaji hupenda kuichapa kwa herufi kubwa. Kishikizo kinachovunjika kwenye nyutoni 3,000 baada ya kunyooka milimita 6 kimeshaupasua ukuta zamani.

Mwisho wa ndani wa kishikizo nao una mambo. Skrubu za kazi hii zina nyuzi zinazoachana kwa milimita 1.6 hadi 1.8, na bati la nguzo lina milimita 1.1. Ina maana kwamba bati linashikwa na uzi usiotimia mzunguko mmoja. Skrubu inapotoboa, hukwangua zinki mahali hapohapo, na hapo ndipo hewa ya joto yenye unyevu kutoka ndani ya jengo hukutana na chuma baridi kilichotoka nje. Tone la maji likijijenga kwenye uzi huo kila majira ya baridi, kutu haihitaji mwaliko. Bamba nalo likikaa juu ya bodi ya jasi badala ya kupitisha miguu yake hadi kwenye nguzo, jasi ikiloa hulegea, bamba linapoteza mkazo, na ulegevu ambao kiwanda kiliudhibiti kwa sehemu za milimita unarudi kupitia mlango wa nyuma. Ukiweka bamba juu ya bodi laini ya kuhami joto, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu bodi hiyo haiwezi kubeba msukumo. Njia ninayoiunga mkono ni kishikizo chenye mwili unaopenya bodi na kukanyaga nguzo yenyewe, cha chuma kisichoshika kutu. Ni ghali kuliko chuma kilichopakwa zinki. Lakini chuma kisichoshika kutu hupitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo kinalipa mara mbili: kwa miaka ya uhai wake, na kwa joto ambalo lile blanketi lililosababisha shida yote hii liliwekwa kulizuia.

Mpinzani wa pili anasema: ongeza idadi. Badala ya vinne kwa mita, weka vinane, na mzigo utagawanyika. Kwa sehemu ni kweli, na kuzunguka madirisha na karibu na juu ya ukuta ni jambo jema. Ila kila kishikizo ni tundu katika utando wa maji na daraja la joto, na kuviongeza hakuvifanyi kuwa vikakamavu. Vinane vilegevu bado vitakibebesha mzigo kile kimoja kilichobana. Wa tatu anasema: punguza uwazi, rudisha sufi ndani. Nimeshaonyesha R-13 inakuwa nini huko ndani. Kumwambia mwenye jengo la Minnesota arudi huko ni kumwambia alipie joto linalovuja kila mwaka ili kuokoa waya mara moja. Wa nne, ambaye ndiye ninayemsikiliza zaidi, anauliza: majengo mangapi yameanguka? Kuta hizi zimesimama tangu miaka ya 1970. Ni kweli, nyingi zimesimama. Lakini ukuta wa namna hii hautoi ishara. Hauinami polepole kama ule wa udongo. Vishikizo vyake vinaweza kuwa vimeliwa na kutu, au havikuwahi kuingia kwenye mota, na ukuta ukaendelea kung'aa hadi siku ya upepo au tetemeko.

Siku hizo zimewahi kufika. Newcastle, Australia, tarehe 28 Desemba 1989, tetemeko la kipimo cha 5.6 liliua watu 13, na wachunguzi walikuta vishikizo vilivyoshika kutu, na sehemu nyingine havikuwepo. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, taasisi ya Marekani ya kushughulikia maafa, FEMA, ilitoa ushauri maalumu kuhusu kuta za matofali za nyumba za mbao, kwa kuwa misumari laini ilikuwa ikichomoka kwenye nguzo na vishikizo vingine vilikuwa vimekunjwa mbali na msumari, vikanyooka kabla ya kubeba. Lakini kisa kinachogusa moja kwa moja suala la upana ni cha Edinburgh, Uskoti. Alfajiri ya tarehe 29 Januari 2016, wakati wa dhoruba iliyopewa jina Gertrude, ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs uliporomoka, tani 9 za matofali zikaanguka mahali ambapo watoto wangeweza kupita muda mfupi baadaye. Baadaye shule 17 za jiji zilifungwa ili zikaguliwe. Ripoti ya Profesa John Cole, iliyotoka Februari 2017, iliweka kidole mahali penyewe: vishikizo havikuingia ndani ya mota kwa milimita 50 zilizotakiwa, hasa upande wa nje. Ukuta wa ndani pale ulikuwa wa matofali ya zege na si nguzo za bati, lakini hesabu ya umbali ni ileile. Waya una urefu uliopangwa kiwandani. Uwazi ukipanuka kwa milimita 30 kuliko mchoro, hizo 30 hazitoki hewani. Zinatoka kwenye ncha iliyopaswa kuzikwa katika mota. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 2005. Ukuta ulisimama miaka 11, mzuri machoni.

Kisa hicho kinaonyesha pia mahali penye ugumu wa kibinadamu. Muashi huja mwisho. Ukingo wa sakafu ya zege umetokeza kwa milimita 20 hapa, nguzo zimerudi nyuma kwa 10 pale, bodi ina unene tofauti na uliochorwa, lakini uso wa nje wa matofali lazima uwe timazi kuanzia chini hadi juu. Makosa ya wote waliotangulia yanakusanyika ndani ya uwazi, naye amepewa waya wa urefu mmoja. Anayemlaumu yeye peke yake hajatazama vizuri. Katika uwazi wa milimita 50, kosa la 20 lilimezwa. Katika uwazi wa 168 ambapo kila milimita imeshatumika kwenye hesabu, kosa hilohilo linautoa ukuta nje ya kanuni. Kwa hiyo mchoro unaotaka uwazi mpana unapaswa kuandika waziwazi uwazi ukomee wapi, muashi afanye nini akikuta umezidi, na waya wa urefu mwingine uwe tayari kwenye stoo. Kanuni ya Marekani yenyewe inamfungulia mhandisi mlango wa kuvuka vikomo vya jedwali, mradi akokotoe jinsi mzigo unavyogawanyika kati ya vishikizo na nguzo zinajikunja kwa kiasi gani. Mlango huo utumike mapema, mezani. Ukisubiriwa hadi jukwaa limeshasimamishwa, kila siku ya kusubiri ina bili yake na jibu litakuwa lile la haraka.

Na kuna muda mfupi sana wa kujua kama yote haya yamefanyika. Muashi hutandaza mota, hulaza waya juu yake, hutandaza tena, huweka tofali. Waya unapaswa kuingia angalau milimita 38 ndani ya mota na kubakiza 16 za mota hadi uso wa nje. Vipimo hivyo viwili vinaonekana kwa macho na futi ya kawaida, kwa dakika chache, kabla kozi inayofuata haijavifunika. Baada ya hapo, mwenye kutaka kuviona atahitaji kutoboa ukuta na kuingiza kamera.